Karanga, vifaru na puto lililogeuka njiani: Kalenda ya Nachingwea na Ruangwa

MAGAZETI mengi huwa na safu ya matukio ya siku kama ya leo, na kwa kawaida safu hizo hujaa vita vya Ulaya, ndoa za wafalme na uvumbuzi wa mitambo. Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Lindi, hazitajwi humo mara kwa mara.

Hata hivyo, anayepekua kumbukumbu za karne iliyopita atagundua kwamba wilaya hizo zinastahili kalenda yao wenyewe. Humo mna vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, reli iliyojengwa na kung'olewa kabla haijatimiza miaka 15, mechi ya ugenini iliyochezwa nyumbani, na puto kubwa lililosafiri nusu ya Afrika likarudi bila kutua.

Ikumbukwe kuwa Ruangwa ilikuwa sehemu ya Nachingwea kabla ya kuwa wilaya inayojitegemea katika miaka ya 1990. Undugu huo umebaki hata katika ushirika: chama kikuu cha ushirika cha eneo hilo kinaitwa RUNALI, jina lililoungwa kwa herufi za mwanzo za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kwa sababu hiyo, kalenda yao ni moja.

Januari: Karanga zafutwa

Januari 1951, Serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na Mpango wa Karanga wa Tanganyika. Nachingwea, mji uliokuzwa na mpango huo, ukajikuta yatima ungali mchanga.

Chanzo cha yote kilikuwa jikoni. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, majarini na sabuni, na bado walinunua chakula kwa kadi za mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki.

Serikali ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Baada ya ziara ya wiki chache, ujumbe ulirudi na hesabu iliyonyooka: mashamba 107, kila moja lenye ekari 30,000, jumla yake zaidi ya ekari milioni 3.2. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na mengine yangegawanywa kati ya Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Ardhi yote hiyo ingekuwa karibu mara 5 ya Unguja na Pemba zikiunganishwa.

Maeneo matatu yalichaguliwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Sehemu kubwa kuliko zote ilipangiwa Jimbo la Kusini, yaani Nachingwea na viunga vyake. Waziri wa Chakula wa Uingereza, John Strachey, aliupigia debe mpango huo bungeni, na maelfu ya askari waliorejea kutoka vitani wakaomba kazi katika kile kilichoitwa jeshi la karanga.

Kilichobaki ni ardhi yenyewe kukubaliana na hesabu za London, nayo ilikataa. Kongwa, ambako kazi ilianzia, mvua zilikuwa haba na udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Karanga huzaa chini ya ardhi, hivyo zao lilipokomaa lilikuwa limefungiwa ndani ya udongo. Mibuyu nayo haikung'oka kwa urahisi, na baadhi yake ilikuwa na mizinga ya nyuki wasiopenda kusumbuliwa.

Matrekta hayakutosha. Wakala wa mpango walinunua mitambo chakavu iliyoachwa na jeshi la Marekani nchini Ufilipino. Kampuni ya Vickers-Armstrong nayo ilipewa vifaru aina ya Sherman, ikavivua mizinga na kuvigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Kifaru kilichoundwa kupambana na Wajerumani kikapelekwa kupambana na visiki.

Lengo la mwaka 1947 lilikuwa kupanda ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takribani 7,500, sawa na asilimia 5.

Nachingwea ilikuwa na mvua nzuri kuliko Kongwa, lakini haikuwa na reli wala bandari ya kupokelea mitambo. Ilibidi ianze kujengwa reli kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na treni zikaanza kwenda Nachingwea mwaka 1949. Huko Mtwara bandari ya kina kirefu ilianza kuchimbwa ili kupokea meli za kubeba karanga. Ilikamilika mwaka 1954, wakati karanga zilizokusudiwa zilikuwa zimeshafutwa vitabuni kwa miaka mitatu.

Hasara iliyofutwa ilizidi pauni milioni 36 za wakati huo. Kadi za mgawo zilikwisha nchini Uingereza mwaka huo huo wa 1954, bila msaada wowote wa kutajika kutoka Nachingwea. Alan Wood, aliyekuwa ofisa habari wa mpango, alikuwa mwepesi kuliko serikali: kitabu chake kuhusu mkasa huo kilitoka mwaka 1950, mpango ukiwa bado hai kisheria.

Wataalamu wa kilimo wamekuwa wakiutumia mkasa huo kama somo kwa zaidi ya miaka 70. Kosa linalotajwa zaidi ni kwamba hapakuwa na shamba la majaribio kabla ya kuagiza mitambo. Wakulima wa Tanganyika walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono katika vishamba vyao. Walijua mvua huanza lini na udongo upi hukauka mapema, lakini elimu hiyo haikuingizwa kwenye hesabu.

Februari: Ugenini nyumbani

Februari 2021 ilikuwa zamu ya Ruangwa. Klabu ya Namungo, yenye uwanja wake katika mji huo, ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania msimu wa 2019/20 na ndani ya muda mfupi ikajikuta katika Kombe la Shirikisho Afrika.

Namungo ilisafiri hadi Angola kucheza na Primeiro de Agosto. Ilipofika Luanda, baadhi ya watu katika msafara walielezwa kuwa wamekutwa na virusi vya korona, na mchezo uliopangwa Februari 14 haukufanyika. Timu ikarudi nyumbani bila kugusa mpira.

Shirikisho la Soka Afrika liliamua michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam. Hivyo katika mechi moja Namungo ikahesabiwa kuwa mgeni katika nchi yake, na Waangola wakahesabiwa kuwa wenyeji kilometa nyingi kutoka kwao. Februari 21 Namungo ilishinda 6-2. Siku nne baadaye ilifungwa 3-1, lakini ikapita kwa jumla ya mabao 7-5 na kuingia hatua ya makundi. Humo ilikutana na Pyramids ya Misri, Nkana ya Zambia na Raja Casablanca ya Morocco, ambayo ndiyo iliyotwaa kombe mwaka huo.

Jina Namungo, ikumbukwe, ni la eneo la Ruangwa linalojulikana pia kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Aprili hadi Juni: Shamba namba 17

Mashamba ya mpango wa karanga yalipewa namba badala ya majina. Moja wapo, Shamba namba 17, maarufu kama Farm 17, lilikuja kuzaa kitu ambacho hakuna ofisa wa Wizara ya Chakula aliyekipanga: serikali ya Msumbiji.

Chama cha Frelimo kilianza vita vya ukombozi Septemba 25, 1964. Kambi yake ya mafunzo ilikuwa Kongwa, katika masalia yale yale ya karanga, pamoja na vyama vingine vya ukombozi kutoka Kusini mwa Afrika. Mwaka 1965 Frelimo ilipata kambi yake Nachingwea, karibu zaidi na Mto Ruvuma. Samora Machel ndiye aliyesimamia mafunzo, na baadaye wakufunzi kutoka China wakaongeza nguvu.

Wapiganaji walifundishwa kulenga shabaha, lakini pia walifundishwa kulima. Kambi ilijilisha kwa sehemu kubwa kutokana na mashamba yake yenyewe. Ardhi iliyowashinda wenye matingatinga ikalimwa na watu waliokuwa wakijiandaa kwenda vitani.

Mwaka 1967 kikosi cha wanawake wa Frelimo kilipata mafunzo Nachingwea. Miongoni mwao alikuwa Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Machel. Alifariki dunia Aprili 7, 1971, akiwa na umri wa miaka 25, na tarehe hiyo ni Siku ya Wanawake nchini Msumbiji hadi leo.

Rais wa kwanza wa Frelimo, Eduardo Mondlane, hakuishi kuona matunda ya kambi hiyo. Aliuawa Dar es Salaam Februari 3, 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Machel alishika uongozi mwaka uliofuata.

Si kila ukurasa wa Farm 17 unaweza kusomwa kwa tabasamu. Mwaka 1975, wakati uhuru ukikaribia, wapinzani wa Frelimo walikusanywa Nachingwea na kulazimishwa kusoma maungamo mbele ya umati. Miongoni mwao alikuwa Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama hicho. Baadaye aliuawa nchini Msumbiji pamoja na wengine bila ya kesi ya haki.

Mei 1975 Machel alianza safari ndefu ya ushindi kutoka Ruvuma hadi mji mkuu, ambao leo unaitwa Maputo. Juni 25, 1975, Msumbiji ikapata uhuru naye akawa rais wake wa kwanza. Pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba mashamba hayakuzaa kabisa.

Julai: Nikeli isiyochimbwa

Kwa miaka mingi hesabu za hasara za Nachingwea zilikuwa mzigo wa Mwingereza. Julai 14, 2023, mambo yaligeuka.

Siku hiyo baraza la Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji (ICSID), chenye makao yake Washington, liliiamuru Tanzania kulipa zaidi ya Dola za Marekani milioni 109. Waliolipwa ni wawekezaji wa mradi wa nikeli wa Kilima cha Ntaka, wilayani Nachingwea, ambao wakiongozwa na kampuni ya Indiana Resources ya Australia walilalamika kwamba leseni yao ya kuhodhi eneo ilifutwa kutokana na mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017 na kanuni zilizofuata.

Msomaji makini ataona kichekesho kidogo katika makaratasi ya kesi. Mmoja wa walalamikaji aliitwa Nachingwea U.K. Limited. Kwa maneno mengine, miaka 72 baada ya London kuiacha Nachingwea, Nachingwea iliyosajiliwa Uingereza ilirudi kudai.

Kichekesho kinaishia hapo. Julai 2024 pande mbili zilikubaliana malipo ya Dola milioni 90. Nikeli ya Ntaka ilibaki ardhini, na fedha zilitoka katika hazina ya umma, yaani kwa walipa kodi, akiwamo mkulima wa korosho wa Nachingwea ambaye hajawahi kuona hata jiwe moja la nikeli likitoka kwenye kilima hicho.

Karanga ziligharimu kwa sababu hesabu zilifanywa kabla ya kupima udongo. Nikeli nayo iligharimu kwa sababu sheria ilibadilishwa bila kupima gharama ya mikataba iliyokuwapo. Katika visa vyote viwili uamuzi ulifanyika mbali na Nachingwea, na jina la Nachingwea ndilo lililobaki kwenye ankara.

Suala hilo lina uzito kwa jirani pia. Ruangwa ina akiba kubwa ya madini ya kinywe, yanayohitajika katika utengenezaji wa betri, na kampuni kadhaa za nje zimejitokeza kuyachimba. Kinywe hakiozi kama karanga, lakini mikataba yake inahitaji uangalifu ule ule.

Oktoba na Novemba: Puto lililogeuka njiani

Oktoba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliiteka Ruponda, ambayo leo ni kata ya Nachingwea, na Wajerumani wakapoteza chakula chao kilichohifadhiwa hapo. Katikati ya mwezi huo yalifuata mapigano makali ya Mahiwa, si mbali na hapo, yaliyoua askari wengi wa pande zote. Wengi wao walikuwa Waafrika waliopigania bendera zisizo zao.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa akiishiwa risasi na dawa. Berlin ikabuni njia ya kumsaidia ambayo hata leo ingeshangaza: puto kubwa la Zeppelin lenye injini, namba L59, likibeba takribani tani 15 za silaha, risasi na dawa.

Hapakuwa na gesi ya kulijaza tena huku Afrika, hivyo halikutarajiwa kurudi. Likishatua lingebomolewa: kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo, na vyuma vyake vingepata kazi nyingine. Kwa ufupi, lilikuwa duka linalosafiri, ambalo hata kuta zake ni bidhaa.

L59 liliondoka Jamboli, Bulgaria, Novemba 21, 1917. Lilivuka bahari ya Mediterania, jangwa la Misri na kuingia Sudan. Usiku wa kuamkia Novemba 23, likiwa magharibi ya Khartoum, lilipokea ujumbe wa redio: geuka, sehemu kubwa ya nyanda za juu za Makonde imeshatekwa.

Liligeuka na kutua Jamboli Novemba 25, baada ya kusafiri kilometa 6,757 kwa saa 95 bila kusimama. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, ambako alijipatia silaha kwa njia ya mkato: aliwapiga Wareno huko Ngomano na kuchukua za kwao.

Novemba: Korosho kwa amri ya jeshi

Novemba ina habari nyingine mbili. Novemba 20, 2015, Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa tangu mwaka 2010, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu. Wilaya iliyokuwa ikitafutwa kwa shida kwenye ramani ikawa na mkazi ofisini kwa miaka 10, hadi Novemba 2025.

Nyingine ni ya Novemba 12, 2018. Katika msimu huo wakulima wa korosho wa Lindi na Mtwara walikataa bei iliyotolewa na wanunuzi kwenye minada wakiiona ni ndogo. Rais John Magufuli alitangaza kuwa serikali ingenunua korosho zote kwa Sh 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likapewa jukumu la kuzisomba.

Malori ya jeshi yakaingia vijijini na kupakia magunia. Wazee wanaokumbuka vifaru vilivyolima karanga hawakuwa na sababu ya kushangaa. Waliopata wasiwasi ni wafanyabiashara wa kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa kabla ya msimu, kwani kila muuzaji alitakiwa kuhakikiwa shamba lake.

Uhakiki huo nao ulikuwa na gharama yake. Wakulima wengine halali walisubiri malipo kwa miezi, huku ada za shule na pembejeo za msimu uliofuata zikiwa hazisubiri. Bei nzuri iliyochelewa iliwalazimisha baadhi ya watu kukopa kwa wale wale waliokuwa wakikimbiwa.

Desemba: Reli yarudi kuwa njia ya miguu

Desemba 9, 1961, Tanganyika ilipata uhuru na kurithi, pamoja na mambo mengine, Reli ya Jimbo la Kusini kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Ilikuwa reli nzuri isiyo na mzigo. Iliundwa kubeba karanga, na mazao mengine hayakutosha kuijaza.

Mwaka 1962 ilifungwa, na reli zake zikang'olewa. Wazo la reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, limezungumzwa kwa miaka mingi tangu hapo, na kila linapozungumzwa wakazi wa Kusini wana haki ya kuuliza swali moja dogo: safari hii itabeba nini?

Jibu la swali la karanga, kwa upande mwingine, limeshapatikana. Baada ya mpango kufa, kazi ya utafiti wa kilimo iliendelea Nachingwea na baadaye ikahamia Naliendele, Mtwara. Watafiti wa kituo hicho walifanya kile ambacho mwaka 1946 kilionekana kupoteza muda: walipanda mbegu chache, wakaangalia, wakapima, kisha wakapanda tena.

Mwaka 2009 walitoa aina mpya kadhaa za karanga kwa ajili ya wakulima wadogo. Moja inaitwa Mangaka, nyingine Masasi, nyingine Naliendele, na mojawapo inaitwa Nachingwea. Inalimwa bila vifaru.